Mzee Mmoja Katika Grupu la Wajawazito

Kabla ya kuandika haya niliomba ruhusa. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Mke wa mtoto wake alijifunika mdomo kwa kanga, akatikisa kichwa kukubali, na wote wawili wakasema, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akiwa upande wake wa nyumba, kwamba niandike nitakavyo ila majina yao yabaki zahanati. Yamebaki huko.

Mimi ni muuguzi na mkunga. Nimezaliwa Kyerwa, lakini miaka yangu mingi ya kazi nimeimalizia Karagwe, kwenye zahanati ndogo ya Nyabiyonza iliyozungukwa na migomba pande zote. Mtandao wetu ni wa kubembeleza. Ukitaka sauti iende bila kukatika inabidi usimame pembeni mwa tanki la maji ya mvua, na wagonjwa wamezoea kumwona nesi wao amesimama pale, simu mdomoni, anahutubia tanki.

Nilianzisha grupu la watsapu la wajawazito kwa sababu moja tu: nilichoka kukasirika. Kila siku ya kliniki nilikuwa nasema maneno yale yale, kina mama wananiitikia "ndiyo, nesi," halafu wakifika nyumbani jirani anawaambia vingine na jirani ndiye anayeshinda. Nikasema basi, na mimi nitaingia nyumbani. Siwezi kutembea vilima vyote hivi, lakini sauti yangu inaweza. Wengi wao kusoma Kiswahili kirefu kunawachosha, nyumbani wanazungumza Kinyambo, kwa hiyo sikuandika. Nilirekodi sauti fupi fupi, Kiswahili chepesi, na pale penye jambo zito nikarudia kwa Kinyambo.

Wenzangu kazini walinitania kwamba nimefungua redio. Sikujali. Tayari sisi watumishi wa afya wa Karagwe na Kyerwa tulikuwa na grupu letu, ambamo mtu aliyekwama na mgonjwa huko pembezoni anauliza na daktari wa hospitali anamjibu. Nilikuwa nimeona jinsi lilivyotusaidia. Humo tuna sheria zetu, na sheria hizo nilizihamishia kwa kina mama: hakuna kutaja jina la mgonjwa, hakuna picha ya mgonjwa hata akiwa amefunikwa uso, na hakuna kuniomba dawa kwa simu, kwa sababu simu haipimi presha.

Mwanzoni lilikuwa vita na uvumi. Siku moja ujumbe ulizuka, sijui umetokea wapi, ukisema vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu vinamnenepesha mtoto mpaka anashindwa kutoka. Ulisambaa haraka sana. Siku ya kliniki iliyofuata nikapima kina mama, damu imeshuka kwa mmoja baada ya mwingine, nikajua vidonge vimekwenda kutupwa kwenye migomba. Nilitoka nje hadi kwenye tanki langu nikarekodi nikiwa na hasira kamili. Niliwaambia vidonge hivyo nimevimeza mimi mwenyewe mimba zangu zote, na watoto wangu wametoka bila shida, tena mmoja alitoka kabla mkunga hajamaliza kuvaa glavu. Wakacheka kwa vikatuni vya machozi, na wiki hiyo wakarudi kuomba vidonge. Nilijifunza hapo kwamba hasira yangu, ikichanganywa na kichekesho, inafanya kazi nzuri kuliko bango la ukutani.

Sasa, kosa lenyewe. Siku ya kwanza ya kliniki tunamwuliza mama namba ya simu. Yeye anatoa namba, sisi tunaiingiza kwenye grupu, tunaendelea na kazi. Hakuna aliyewahi kuuliza simu hiyo ni ya nani. Lakini huku kwetu, hasa kwenye nyumba za wakulima, ukiulizwa namba unatoa namba ya nyumbani. Simu ni ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayekaa nayo mfukoni.

Kulikuwa na binti mmoja, mimba yake ya kwanza, mpole kiasi kwamba ukimpima mapigo ya moyo unaogopa kumsumbua. Mume wake alikuwa Mwanza kwenye kazi za ujenzi. Mama mkwe wake alishafariki. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba mkwe wake, katika kibanja cha ndizi na kahawa upande wa kuelekea Nyakasimbi. Namba aliyotupa ilikuwa ya huyo baba mkwe. Mume ndiye aliyewatumia simu janja kutoka Mwanza, na kwa heshima akaituma kwa baba yake.

Mzee alifurahia simu hiyo sana. Kila kilicholia alikibonyeza. Jumapili moja baada ya kanisa, wazee wenzake walikuwa wamekaa uani kwake, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kinapita mkono hadi mkono, wakiongea habari za bei na za mchungaji mpya. Simu ikalia. Mzee akataka kuwaonyesha inavyofanya kazi, akabonyeza, akaongeza sauti hadi mwisho. Sauti yangu ikatoka, changamfu kabisa: "Kina mama, hamjambo? Leo tuongelee chuchu zinazopasuka."

Naambiwa mzee mmoja alimeza kahawa bila kutafuna. Mwenye simu hakujua pa kuizimia, na kadiri alivyobonyeza ndivyo nilivyozidi kueleza. Binti alikuwa jikoni anasikia kila neno. Hakutoka humo mpaka wageni walipoondoka.

Kesho yake asubuhi mzee alikuwa zahanati, koti limepigwa pasi, kofia mkononi. Sikuwa namfahamu. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia "Marahaba" kavu kama ganda la kahawa, akakaa, akaweka simu mezani kwa ncha za vidole.

"Nesi, wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Kyerwa, baba."

"Basi si mgeni. Unajua mila. Mbona umenivua nguo mbele ya wazee wenzangu?"

Alipomaliza kunieleza nilikuwa nimeuma midomo mpaka inauma. Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze, vyote kwa pamoja. Kwa sababu mila naijua. Kwetu baba mkwe na mke wa mtoto wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawagusani, hawakai chumba kimoja, hawasemi habari za mwili, na mimba ya mke wa mtoto wako unaiona ikipita uani na unatazama migomba. Mjumbe kati yao huwa mama mkwe, na mama mkwe wa nyumba ile alikuwa kaburini nyuma ya mibuni.

Nikamwomba radhi, nikachukua simu nimtoe kwenye grupu. Akaweka kiganja juu yake.

"Unataka kufanya nini?"

"Nakutoa, baba. Hutasikia tena mambo haya."

"Na yeye atasikia wapi?"

Akaendelea, akitazama dirishani. "Mke wangu angekuwepo angemfundisha. Hayupo. Mama yake mzazi yuko Kyerwa, mbali. Mimi siwezi kumwambia neno, na yeye hawezi kuniambia. Hii simu ndiyo inaweza. Usinitoe. Ila, waitu, nakusihi, nipe nafasi ya kukimbia."

Kusema kweli nilimpenda mzee yule hapo hapo. Tukakaa tukapanga kama watu wanaopanga harusi. Tulikubaliana kwamba sauti zangu zote zinazohusu mambo ya ndani zitaanza na maneno haya: "Baba, kageuze kahawa." Yeye akisikia hayo anaiweka simu kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, sauti juu, halafu anaondoka kwenda kugeuza kahawa iliyoanikwa upande wa pili wa nyumba. Binti anasikiliza peke yake. Ikiisha, mzee anarudi kuchukua simu yake kama hakuna lililotokea.

Wiki hiyo nikaanza. "Baba, kageuze kahawa. Kina mama, leo..." Na grupu likalipuka. Baba gani? Kahawa ya nani? Ikabidi niwaeleze kwamba humu ndani kuna mzee mmoja, na kwa nini yumo.

Hapo nilipambana. Kulikuwa na mama mmoja msemaji sana, mimba ya nne, mume wake dereva wa bodaboda, anaishi kilima kinachotazamana na kwa mzee, kwa hiyo alimjua mara moja. Akatuma sauti, kwa ukali: "Nesi, mimi huyo mzee namsalimia kwa kupiga magoti. Leo nimwulize nesi habari za kutokwa uchafu na yeye anasikia? Aondoke, au tutaondoka sisi." Wengine wakamuunga mkono. Wawili wakatoka kweli, mmoja akarudi baada ya muda, nadhani alikosa vichekesho.

Na walikuwa na haki. Hilo ndilo lililoninyima raha. Grupu lile lilikuwa na thamani kwa sababu mwanamke angeweza kuuliza humo kitu asichoweza kumwuliza hata dada yake. Kumbakiza mzee ni kuwafunga midomo wengine. Kumtoa ni kumfungia binti mmoja mlango pekee alionao. Nikaahidi kwamba mwenye swali la siri anitumie mimi peke yangu, nitalijibu kwa wote bila kusema limetoka kwa nani. Yule mama msemaji akajibu kwa neno moja, "Sawa," na mwanamke wa kwetu akisema sawa namna ile ujue si sawa.

Tukaenda hivyo hivyo. Wengine wakaanza kuyapenda yale maneno. Wakikutana kisimani wanatupiana, "Baba, kageuze kahawa!" wanaangua kicheko. Mzee mwenyewe hakuwahi kuandika wala kusema chochote ndani ya grupu. Alikuwa mwanachama mtulivu kuliko wote.

Basi ikafika wiki ya dalili za hatari. Hiyo huwa siifanyii mzaha. Nilisimama kwenye tanki asubuhi, nikamtaka mzee akageuze kahawa, kisha nikasema taratibu: mama mjamzito akitokwa damu, asisubiri. Mtoto akiacha kucheza, asisubiri. Kichwa kikimgonga kisiache, macho yakaona giza au vimulimuli, uso na mikono vikavimba, asisubiri hata kupika, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na inaleta kifafa. Nikairudia sehemu hiyo kwa Kinyambo. Nikatuma, nikaenda kuchanja watoto.

Kilichotokea kwenye kile kibanja nilikuja kukisikia baadaye kutoka kwa wote wawili. Mzee aliweka simu kwenye kigoda, akaenda kwenye kahawa yake. Alisikia sauti yangu kwa mbali bila maneno, ikaisha. Akaanza kurudi. Mara ikaanza tena, katikati. Akasimama. Ikaisha. Ikaanza tena, pale pale katikati. Akarudi kwenye kahawa, akageuza iliyokwisha geuzwa. Sauti ile ile, sehemu ile ile, tena na tena, na kila mara kubwa kuliko mwanzo, mpaka akayasikia maneno yenyewe kwa Kinyambo: kichwa, macho, vimulimuli.

Binti alikuwa anamwambia. Hakuwa na kinywa cha kumwambia, basi alikuwa anamwambia kwa kinywa changu.

Nilikuwa na sindano mkononi simu iliponguruma mfukoni. Nilipomaliza na mtoto yule nikatazama. Ilikuwa sauti ya yule mwanachama mtulivu, ndani ya grupu, mbele ya kina mama wote. Sijawahi kuifuta. Anahema, kuku wanalia nyuma yake.

"Nesi. Nesi, mwanangu. Huyu mtoto anarudia ile ya macho. Anairudia hiyo hiyo. Nimemwona uso, umevimba. Mimi nafanyaje? Kina mama mnisamehe. Mimi nafanyaje?"

Kabla sijabonyeza kujibu, mama msemaji wa kilima cha pili alishajibu: "Baba, mtoe nje mlangoni. Mume wangu alikuwa anakula, ameacha chakula, yuko njiani na pikipiki. Usimwache peke yake, baba, hata kidogo." Wengine wakafuata, mvua ya sauti: mvalishe kitu cha joto, chukua kadi yake ya kliniki, usimpe chochote anywe, mwambie asiogope. Wanawake wale wale waliotaka atolewe walikuwa wanamfundisha ukunga. Mimi nikasema neno moja tu, "Mlete," nikaenda kuandaa kitanda.

Nilipousikia mlio wa pikipiki nikatoka nje. Dereva mbele. Nyuma yake binti, kichwa kimelala, macho nusu. Na nyuma ya binti mzee, koti halijafungwa, kofia haipo, mikono yote miwili imemzunguka mke wa mtoto wake asianguke, amemshika kama mtu anavyoshika mkungu wa ndizi alioubeba mteremkoni. Walikuwa wamepita hivyo barabara nzima, mbele ya duka, mbele ya kanisa, mbele ya kila aliyekuwa anapalilia.

Tukamshusha. Mzee akabaki amesimama, mikono yake ameitenga na mwili, hajui aiweke wapi.

"Nimemshika, nesi," akaniambia. "Waitu, watu wote wameniona."

"Waache waone, baba," nikasema. Nilitaka kulia, lakini hapakuwa na nafasi.

Presha ilikuwa juu mno, na mkojo ulionyesha kile nilichokiogopa, protini. Nikapiga simu kuomba gari, na wakati mwenzangu anatafuta mshipa nikaandika kwenye grupu letu la watumishi, bila jina, bila picha: mimba ya kwanza, presha hii, kichwa, macho, uvimbe, bado hajapata kifafa. Daktari wa zamu akajibu papo hapo: mpe ile sindano ya kuzuia kifafa, kipimo cha kuanzia, mlaze kwa ubavu, mlete, chumba cha upasuaji tunakiandaa. Nilikijua kipimo chenyewe, nimefundishwa, lakini sijui nieleze vipi nafuu ya kukisoma kimeandikwa na mwingine. Nikatoa sindano. Gari likaja. Dereva akamfungulia mzee mlango wa mbele, akakataa. Akaingia nyuma na sisi, akakaa karibu na miguu ya binti, mwendo wote wa kushuka barabara ya Nyakahanga akilishikilia blanketi lisidondoke.

Hospitali walimpokea mlangoni na kumwingiza moja kwa moja. Sisi tukabaki kwenye benchi. Benchi lile ni la wanawake: mama wazazi, mama wakwe, mashangazi, kila mmoja na beseni lake, kanga zake, chupa yake ya uji. Mzee peke yake alikuwa mwanamume, na hakuwa na kitu mkononi isipokuwa kadi ya kliniki. Wanawake walimtazama kwa pembeni. Mmoja akamwambia kwa upole kwamba wanaume husubiri kule getini. Akasema asante, hakuinuka. Simu yake ikawa inalia mfululizo, kina mama wa grupu wakiuliza, na safari hii hakuibonyeza. Niliwajibu mimi kwamba bado.

Mlango ulipofunguliwa alitoka mkunga kijana, barakoa imeshuka kidevuni, amebeba mtoto aliyefungwa vizuri, mtoto analia kwa nguvu zake zote. Akataja jina la binti. Akasema mama wa mtoto amefanyiwa operesheni, yuko salama, presha inashuka, anaendelea kuangaliwa. Kisha akatazama benchi lote, kutoka kwa mwanamke wa kwanza hadi wa mwisho, akauliza:

"Mama mkwe wa huyu yuko wapi, apokee mtoto?"

Niliinuka niseme kwamba hayupo, kwamba nyumba ile haina mama, kwamba nipewe mimi. Mzee akanitangulia. Alisimama wima, akajipangusa mikono kwenye koti, akaikunja kama alivyowaona wanawake wakiikunja.

"Mama mkwe ni mimi," akasema.

Mkunga alimtazama, akanitazama mimi, halafu akampa mtoto.